New Orleans kwa Siku Nne: Mwongozo Kamili kwa Wenza Wanaotaka Muziki, Chakula na Historia

Wageni wengi wa New Orleans hupitwa na mji wenyewe kwa namna ileile. Hufika Ijumaa jioni, wakazama Bourbon Street mpaka saa nane za usiku, wakaamka adhuhuri na vichwa vizito, na Jumatatu wakapanda ndege wakiwa wamefahamu barabara moja tu ya mji uliokuwapo tangu mwaka 1718. Mwongozo huu ni wa wenza wawili wanaoishi Marekani, au waliokwisha kufika huko kwa shughuli nyingine, ambao wamepata nafasi ya kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu alasiri. Msingi wake ni mmoja: asubuhi tumieni kutembea na kujifunza historia, alasiri pumzikeni, na usiku uacheni kwa ajili ya muziki. Mkiugeuza utaratibu huo, joto litawashinda na milango mingi mtaikuta imefungwa.

Hatua ya kwanza: tarehe

Chagueni tarehe kabla ya kutazama hoteli yoyote, kwa sababu katika mji huu tarehe ndiyo inayoamua bei. Miezi ya Machi, Aprili, Oktoba na Novemba ndiyo inayofaa zaidi kwa kutembea kwa miguu. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 32 mara kwa mara, unyevunyevu ni mkali, na mvua ya ghafla ya alasiri ni jambo la kawaida. Kwa upande wa pili, Agosti ndio mwezi ambao vyumba hushuka bei na mikahawa mingi mizuri hutoa milo ya bei maalumu ili kuwavuta wateja. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Mji ambao asilimia 80 ya eneo lake ilifunikwa na maji baada ya kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005, hauchezi na tahadhari hizo, nanyi msicheze nazo: kama mnasafiri ndani ya msimu huo, lipieni chumba kinachoruhusu kughairi bila adhabu.

Mardi Gras, sherehe kubwa ya kanivali ya mji huu, huangukia Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, yaani siku 47 kabla ya Pasaka, na maandamano yake huanza wiki kadhaa kabla ya siku hiyo. Ni tukio la kuonwa angalau mara moja maishani, lakini kwa safari ya kwanza ya wawili nisingelishauri, kwa kuwa barabara hufungwa, vyumba huuzwa kwa masharti ya usiku mwingi mfululizo, na kupata meza ya kula pamoja kwa utulivu huwa shida. Tazameni pia kalenda ya tamasha kubwa la jazi linaloanza mwishoni mwa Aprili, na lile la Essence la mwanzoni mwa Julai. Sikukuu ya Presidents' Day ya Februari, ambayo wafanyakazi wengi huitumia kama wikendi ndefu, mara nyingi huingiliana na maandamano ya Mardi Gras. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua wikendi ya kawaida na kuomba ruhusa kazini kwa siku ya Ijumaa na Jumatatu.

Hatua ya pili: kufika

Kwa walio Houston, ambako Watanzania na Wakenya ni wengi, safari ya gari kwa barabara kuu ya I-10 ni kama kilomita 560, na bila msongamano huchukua saa tano na nusu hadi sita. Barabara hiyo hupita juu ya daraja la Atchafalaya, lenye urefu wa takriban kilomita 29 juu ya kinamasi, na kwa maoni yangu sehemu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kusafiri mchana badala ya usiku. Kutoka Dallas ni kama kilomita 800. Wale wa Chicago wanaweza kupanda treni ya Amtrak iitwayo City of New Orleans, ambayo huondoka jioni na kufika kesho yake. Wa Atlanta wanayo Crescent. Treni si ya haraka, nayo huchelewa, kwa hiyo msipange jambo lolote lenye saa maalumu siku ya kufika.

Uwanja wa ndege una jina la Louis Armstrong, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1901, nao uko katika kitongoji cha Kenner, magharibi mwa mji. Teksi rasmi hutoza bei maalumu iliyopangwa kwa abiria wawili wanaokwenda katikati ya mji. Ithibitisheni kwa dereva kabla ya kuingiza mizigo. Basi namba 202 hufanya safari hiyohiyo kwa nauli ndogo sana, lakini huja mara chache, hivyo linawafaa wenye mizigo midogo na wasio na haraka.

Msikodi gari kwa siku zote nne. Hoteli za katikati ya mji zinaweza kutoza zaidi ya dola 40 kwa usiku kwa maegesho, mitaa ya zamani ni myembamba, na magari ya kuvuta yale yaliyoegeshwa vibaya hayachelewi kufika. Gari litahitajika kwa nusu siku tu, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya tatu: mahali pa kulala

French Quarter ndiyo sehemu kongwe, na wengi hudhani kwamba ni lazima walale humo. Mkilala humo, chagueni upande wa chini, karibu na Esplanade Avenue, ambako nyumba ni za makazi na usiku kuna utulivu. Chumba chenye roshani juu ya Bourbon Street kinapendeza kwenye picha, ila hakuna usingizi kabla ya alfajiri. Mtaa wa Marigny, ng'ambo ya Esplanade, uko hatua chache kutoka kwenye kumbi za muziki. Pendekezo langu kwa wenza, hata hivyo, ni hoteli ndogo iliyo kandokando ya St. Charles Avenue, kwenye Garden District au karibu nayo: mtaa una miti mikubwa ya mialoni, nyumba za karne ya 19 zenye vibaraza virefu, na tramu inapita mlangoni. Kuhusu nyumba za kupanga kwa siku chache, mji umezizuia karibu katika sehemu yote ya French Quarter, kwa hiyo tangazo la bei ya chini mno la eneo hilo litazameni kwa jicho la mashaka.

Mnapolinganisha bei, someni jumla ya mwisho na si ile ya tangazo. Kodi ya hoteli na ada nyingine huongeza kiasi kikubwa, na kodi ya mauzo madukani na mikahawani ni karibu asilimia 10. Juu ya hapo kuna bahshishi ya asilimia 18 hadi 20 kwa mhudumu wa mezani, ambayo huko huhesabiwa kuwa sehemu ya ujira wake. Kwa makisio yangu, wenza wasiopenda makuu wakitenga dola 1,000 hadi 1,400 kwa chumba, chakula, muziki na usafiri wa ndani, hawatalala njaa wala kurudi na madeni. Zungumzeni jambo hili nyumbani, kabla ya safari, na kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho hawezi kukikosa. Ugomvi mwingi wa safarini hutokana na orodha ambayo mmoja aliificha kichwani.

Ijumaa: kufika na kuuzoea mji

Mkishaweka mizigo, nendeni mtoni. Mto Mississippi hupinda sana hapa, kiasi kwamba jua huchomoza upande wa kitongoji kinachoitwa West Bank, yaani ukingo wa magharibi. Kwa sababu hiyo wenyeji hawaelekezi kwa mashariki na magharibi. Hutumia upande wa mto, upande wa ziwa, juu ya mto na chini ya mto. Mkiyashika maneno hayo manne, hamtapotea. Kivuko cha abiria kinachoondoka mwisho wa Canal Street huwavusha hadi Algiers Point kwa dola 2, na kukirudia wakati wa machweo ni matembezi mazuri kuliko safari nyingi za meli za kitalii zinazogharimu mara nyingi ya hiyo.

Usiku wa kwanza uwe wa Preservation Hall, kwenye St. Peter Street, ukumbi ulioanzishwa mwaka 1961 ili kuwapa wanamuziki wakongwe wa jazi mahali pa kupigia. Nunueni tiketi mapema kwenye intaneti. Chumba ni kidogo, kuta zake zimechakaa kwa makusudi, mabenchi ni ya mbao, na ala hupigwa bila vipaza sauti; aliyekaa mbele husikia pumzi ya mpiga tarumbeta kabla ya sauti yenyewe. Onyesho halifiki saa nzima, na kupiga picha wakati wa muziki hakuruhusiwi.

Baada ya hapo Bourbon Street iko hatua chache, na nusu saa inatosha. Kunywa pombe barabarani kunaruhusiwa mradi kinywaji kiwe kwenye kikombe cha plastiki na si chupa ya kioo. Mtakutana na kijana atakayewawekea dau kwamba anajua viatu vyenu mmevipata wapi. Jibu lake ni kwamba mmevipata miguuni, papo hapo Bourbon Street, na kisha atadai dola zake kwa ukali. Cheka, tembea, usijibu. Simu na pochi viwekwe mifuko ya mbele, na mkirudi hotelini usiku sana pandeni teksi hata kama ni mitaa michache.

Jumamosi: French Quarter asubuhi, tramu alasiri, Frenchmen usiku

Amkeni mapema. Saa moja asubuhi barabara huwa zimeoshwa kwa maji, magari ya kupeleka vinywaji yameegeshwa kandokando, na wapiga picha hawajafika. Anzeni Café du Monde, kwenye Decatur Street, iliyopo tangu mwaka 1862. Kinachouzwa ni beignet, maandazi ya mraba yanayoletwa matatu kwa sahani yakiwa yamezikwa chini ya sukari ya unga, pamoja na kahawa ya maziwa iliyochanganywa na mzizi wa chikori uliokaangwa. Msivae nguo nyeusi, na msivute pumzi wakati wa kuuma, kwani sukari hiyo huingia kooni na kikohozi chake huwachekesha meza ya jirani.

Jackson Square iko mbele yenu. Kanisa kuu la St. Louis lipo katikati, na jengo lililo kushoto kwake, mkilitazama, ni Cabildo, ambako mwaka 1803 Ufaransa iliikabidhi Louisiana kwa Marekani baada ya mauzo ya dola milioni 15. Leo ni jumba la makumbusho, nalo ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini mtaa unaoitwa wa Kifaransa unafanana zaidi na Hispania: mioto ya mwaka 1788 na 1794 iliteketeza sehemu kubwa ya nyumba za awali wakati Wahispania wakitawala, na zilizojengwa upya zikawa na kuta nene, nyua za ndani na matao. Roshani nyingi za chuma zenye mapambo kama ya kamba zilizofumwa zilikuja baadaye, katika karne ya 19. Kutoka hapo fuateni Royal Street, ambako kuna maduka ya vitu vya kale na wanamuziki wa barabarani wenye kiwango ambacho katika miji mingine kingehitaji tiketi. Wekeni dola chache kwenye kopo lao. Hiyo ndiyo kazi yao.

Mchana kuleni sandwichi ya po'boy yenye kamba au chaza wa kukaanga, kisha rudini mlale. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wenza wengi huona kulala mchana ni kupoteza fedha za safari, na matokeo yake saa tatu usiku, muziki unapoanza kunoga, mmoja anasinzia na mwingine ananuna.

Kwenye saa tisa alasiri pandeni tramu ya St. Charles, ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1835 na ndiyo njia kongwe zaidi duniani ya tramu isiyokatizwa. Nauli ni dola 1.25, na ukilipa kwa fedha taslimu dereva harudishi chenji. Tiketi ya siku nzima ni dola 3. Mabehewa yake ya kijani ni ya miaka ya 1920. Mabenchi ni ya mbao na mgongo wake hugeuzwa upande wa pili tramu inapobadilisha mwelekeo, na madirisha hufunguliwa kwa mkono kwa kuwa hakuna kiyoyozi. Kaeni upande wowote, na mtazame juu: shanga za Mardi Gras huning'inia kwenye matawi na nyaya mwaka mzima.

Chakula cha jioni kiwe Dooky Chase's, kwenye Orleans Avenue, mkahawa ulioanzishwa mwaka 1941 na uliofanywa maarufu na mpishi Leah Chase, aliyefariki mwaka 2019. Wakati sheria za ubaguzi zilipokataza watu weusi na weupe kuketi meza moja, wanaharakati wa haki za kiraia walikutana humo kupanga mikakati yao mbele ya sahani za gumbo, mchuzi mzito wa huko. Haufunguliwi kila siku, kwa hiyo wekeni nafasi mapema.

Waislamu, na wengine wasiokula nguruwe, wazingatie kwamba vyakula vya mji huu huficha nyama hiyo mahali pasipotarajiwa. Gumbo ya vyakula vya bahari inaweza kuwa na soseji ya nguruwe iitwayo andouille, jambalaya (wali uliopikwa pamoja na nyama au kamba) vilevile, na maharage mekundu hupikwa kwa paja la nguruwe la moshi. Ulizeni mhudumu kuhusu mchuzi wenyewe, si vipande vinavyoonekana tu. Samaki wa kuchoma na kamba hupatikana karibu kila mahali.

Kisha nendeni Frenchmen Street, ambako kumbi kama Spotted Cat, d.b.a. na Snug Harbor zimepangana kwa umbali wa kutembea dakika chache. Snug Harbor ina viti na tiketi. Nyingine mnasimama, mnanunua angalau kinywaji kimoja kila mtu (soda inahesabika), na baina ya seti mwanabendi mmoja hupitisha ndoo ya bahshishi. Bebeni noti za dola moja na tano. Umri wa kunywa pombe ni miaka 21 na vitambulisho huulizwa hata kwa wenye mvi.

Jumapili: Tremé

Tremé, mtaa wa kihistoria wa watu weusi, ndipo penye kiini cha safari, na ndipo wageni wengi hawafiki. Vukeni Rampart Street muingie Armstrong Park, kisha tafuteni uwanja uliotandikwa mawe kwa mviringo, Congo Square. Chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 1724 watumwa wa Louisiana walipumzishwa Jumapili, na mwaka 1817 mji ukaamuru mikusanyiko yao ifanyike mahali pamoja tu, ambapo pakawa hapa. Watu kutoka Senegambia, Benin na nchi za Kongo waliuza bidhaa zao, wakapiga ngoma na kucheza mbele ya macho ya mabwana zao, katika nchi ambako kwingineko ngoma zilipigwa marufuku. Wanahistoria wa jazi huanzia hapa, na msomaji aliyekulia penye ngoma hatahitaji maelezo marefu.

Tembeeni hadi kanisa la St. Augustine, lililofunguliwa mwaka 1842, ambako watu weusi walio huru walinunua mabenchi kwa ajili yao na kwa ajili ya watumwa. Ubavuni mwake, nje, kuna kaburi la mtumwa asiyejulikana: msalaba wa minyororo mikubwa ya chuma ulioinama, na pingu zikining'inia. Mitaa michache mbele iko Claiborne Avenue, ambako miaka ya 1960 barabara ya juu ilijengwa katikati ya mtaa wa biashara wa watu weusi na mialoni yake ikang'olewa. Nguzo za zege zinazobeba barabara hiyo zimechorwa picha za wenyeji na za miti iliyoondolewa.

Katika Jumapili nyingi, kuanzia mwisho wa kiangazi hadi Juni, vyama vya kusaidiana vya watu weusi hufanya maandamano yaitwayo second line: wanachama waliovaa suti za rangi moja hutangulia na bendi ya matarumbeta, na yeyote anayetaka hufuata nyuma akicheza. Ni bure. Njia ya kila wiki hutangazwa na redio ya WWOZ. Fuateni nyuma ya kamba ya wanachama, nunueni maji kwa wachuuzi, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha ya karibu.

Kama Jumapili hiyo hakuna maandamano, kodini gari kwa nusu siku mwende Whitney Plantation, karibu saa moja kutoka mjini, shamba la zamani la miwa lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2014 na linaloeleza maisha ya watumwa badala ya samani za bwana. Majina yao yamechongwa kwenye kuta za mawe, na mahali pamoja kuna vichwa vya kauri vilivyochomekwa kwenye fimbo, kumbukumbu ya watumwa walioasi mwaka 1811 na kukatwa vichwa. Baadhi ya mashamba jirani hutoa maelezo ya bustani na kumbi za harusi. Kama nafasi ni moja, iwe Whitney. Makumbusho ya Vita vya Pili vya Dunia, mjini, ni bora sana lakini yanaweza kumeza siku nzima, basi anayeyataka ayaendee peke yake alasiri moja, na mwenzake apumzike.

Jumatatu: makaburi, maharage na safari

Wekeni nafasi ya saa tatu asubuhi katika makaburi ya St. Louis namba 1, yaliyofunguliwa mwaka 1789. Tangu mwaka 2015 wageni hawaingii bila mwongozaji mwenye leseni. Maziara yamejengwa juu ya ardhi, na ukoo mmoja hutumia chumba kimoja kwa vizazi. Wengi hukimbilia kaburi linalosemwa kuwa la Marie Laveau, mwanamke wa karne ya 19 aliyejulikana kama malkia wa uganga wa voodoo. Ombeni mwonyeshwe pia la Homer Plessy, aliyekamatwa mwaka 1892 kwa kuketi kwenye behewa la weupe, na ambaye kushindwa kwake katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1896 kulihalalisha ubaguzi kwa zaidi ya nusu karne. Gavana wa Louisiana alimsamehe rasmi mwaka 2022.

Mlo wa mwisho ni maharage mekundu na wali, ambao kwa desturi hupikwa Jumatatu, siku ya kufua, kwa kuwa sufuria iliweza kuachwa motoni saa nyingi bila kusimamiwa. Mikahawa mingi ya kawaida huwa nao siku hiyo. Nunueni pipi za praline zenye karanga za pekani kwa ajili ya jamaa, muepuke chupa za mchuzi wa pilipili kwenye begi la mkononi maana zikizidi mililita 100 zitabaki kwa walinzi, na ondokeni mjini saa tatu kabla ya ndege, kwa kuwa I-10 ya Jumatatu alasiri haitabiriki.